Mizani ya Majini

Mtu yeyote aliyekulia ufukoni mwa Ziwa Victoria analijua jambo hili, ijapokuwa pengine hakuliwazia. Mvuvi hulifunga jiwe kwa kamba, akalifanya nanga. Akilivuta kutoka chini, huja kwa wepesi muda wote lilipo majini. Lakini mara linapotokeza juu ya maji mikono yake hushtuka, maana jiwe limekuwa zito ghafula. Je, limeongezewa kitu? La, jiwe ni lile lile. Ila yule msaidizi aliyekuwa akilichukua pamoja naye ameliacha, na msaidizi huyo ni maji.

Habari ninayotaka kuwaeleza ni habari ya msaidizi huyo: jinsi alivyotambuliwa zamani, jinsi watu walivyomfanya kuwa mizani, na jinsi anavyotumika mpaka leo huku kwetu Mwanza na Geita, pengine kwa haki, na pengine kwa hila.

Habari yaanzia Syracuse, mji ambao katika Biblia yetu ya Kiswahili huandikwa Sirakusa. Twasoma katika Matendo ya Mitume, sura ya 28, ya kuwa Mtume Paulo alipokuwa akipelekwa Roma alikaa huko siku 3. Lakini karibu miaka 300 kabla ya Paulo kufika, mji huo ulitawaliwa na mfalme jina lake Hiero, naye alikuwa na jamaa yake mwenye elimu nyingi, Archimedes. Archimedes aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji.

Mwandishi mmoja wa Kirumi, Vitruvius, aliyeishi yapata miaka 200 baadaye, asimulia hivi. Mfalme Hiero alimpa sonara dhahabu iliyopimwa, ili amfanyizie taji la kuwekwa wakfu kwa miungu yake. Taji likaletwa, likapimwa, uzito ukawa sawasawa. Lakini ikazuka fununu kwamba sonara ameiba sehemu ya dhahabu akatia fedha mahali pake. Mfalme akaghadhibika, wala asijue la kufanya, kwa kuwa taji lilikuwa zuri na hakutaka livunjwe. Akamwachia Archimedes neno hilo. Archimedes naye akaenda kuoga, na alipoingia katika birika akaona maji yanamwagika kadiri mwili wake unavyoingia. Papo hapo akatoka mbio uchi njiani, akipiga kelele kwa Kiyunani kwamba ameona.

Akili yake ilikuwa hii. Dhahabu ni nzito kupita fedha. Kwa hiyo kilo moja ya fedha ni kubwa kuliko kilo moja ya dhahabu. Inataka nafasi zaidi. Taji lililotiwa fedha, hata likiwa na uzito ule ule, litakuwa kubwa zaidi, nalo litamwaga maji mengi zaidi. Vitruvius asema ndivyo ilivyoonekana, na wizi wa sonara ukafichuka.

Mimi hadithi hii naipenda, tena nimewasimulia wanafunzi mara nyingi, lakini kwa upande wa maji yaliyomwagika siiamini sana. Na tufanye hesabu. Tuseme taji lilikuwa na gramu 1,000, na sonara aliiba gramu 300. Dhahabu safi ya gramu 1,000 hujaza nafasi ya sentimita za ujazo 52 hivi. Taji la mchanganyiko lingejaza 65. Tofauti ni 13 tu. Ukilitumbukiza katika bakuli lenye upana wa sentimita 20, maji yatapanda kwa tofauti isiyofika hata nusu ya milimita. Nani angeiona kwa macho, na maji yenyewe hujikunja ukingoni mwa chombo?

Lakini Archimedes mwenyewe aliandika kitabu juu ya vitu vinavyoelea, na humo hakuna taji wala birika. Mna kanuni, nayo ndiyo mali yenyewe: kitu kilichozamishwa majini hupungukiwa na uzito uliolingana na uzito wa maji kilichoyaondoa mahali pake. Soma tena polepole, msomaji, maana maneno ni machache na kazi yake ni kubwa. Kwa kanuni hiyo huhitaji kutazama maji yamepanda kiasi gani. Wahitaji mizani na uzi. Lile taji, likipimwa likiwa limening'inia majini, lingepungukiwa na gramu 65 badala ya 52, na gramu 13 hata mizani ya dukani yaweza kuzionyesha. Galileo wa Italia aliyaona hayo mwaka 1586, akiwa kijana wa miaka 22, akaandika kitabu kidogo akieleza kwamba mtu mwenye akili ya Archimedes hawezi kuwa alitumia njia ya kumwaga maji, bali mizani.

Ila Galileo hakuwa wa kwanza. Zamani sana kabla yake, katika nchi za Waislamu, al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikuwa amekwisha kupima madini na vito kwa kutumia maji. Kisha mwaka 1121, katika mji wa Merv, al-Khazini, mtu mwenye asili ya Kiyunani aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akamaliza kitabu kizima juu ya jambo hilo. Jina lake kwa Kiarabu ni Mizan al-Hikma, na sisi wasema Kiswahili hatuhitaji mkalimani: Mizani ya Hekima. Mizani yake ilikuwa na visahani 5, na kimoja kilizama majini. Aliandika ya kuwa dhahabu ni nzito mara 19.05 kuliko maji ya ukubwa ule ule, na zebaki mara 13.56. Wataalamu wa leo, pamoja na vyombo vyao vyote, husema 19.3 na 13.6. Miaka 900 iliyopita, kwa mikono na macho, mtu yule alikosea kidogo namna hiyo!

Hesabu hiyo, yaani mara ngapi kitu ni kizito kuliko maji ya ukubwa wake, nitaiita uzito wa kadiri. Shuleni siku hizi wanafunzi hujifunza densiti, nalo ni jambo lililo karibu sana na hilo. Kuipata si kazi. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi ziwani wakaokota jiwe la majabali yetu, jiwe lenye pembe na vishimo ambalo hakuna rula iwezayo kulipima. Tukalipima hewani: gramu 1,300. Tukalifunga uzi, tukalizamisha katika ndoo bila kugusa chini wala kando: gramu 800. Limepungukiwa na 500. Basi, kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1, tumekwisha kuujua ukubwa wa jiwe: sentimita za ujazo 500, pamoja na pembe zake zote. Na 1,300 kwa 500 ni 2.6. Mwanafunzi mmoja akauliza habari ya kitu kinachoelea, kama kipande cha ubao. Tukakifungia chubwi ya risasi ili kizame, tukaondoa hesabu ya chubwi. Hayo hayana shida.

Sasa tuje kwenye dhahabu ya kwetu. Katika vita ya kwanza ya dunia, Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hii walikatiwa njia ya bahari, na sarafu zikawapungukia. Mwaka 1916 walipiga sarafu za dhahabu huko Tabora, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke, zenye picha ya tembo, kila moja thamani yake rupia 15. Uzito wake ulikuwa gramu 7 na kitu kidogo. Lakini dhahabu yake haikuwa safi; ilikuwa sehemu 3 katika 4, na iliyobaki ni madini mengine. Dhahabu safi ya uzito ule ingepungukiwa majini na gramu 0.37. Sarafu ya Tabora, ikiwa nyongeza yake ni fedha, itapungukiwa na 0.45, na ikiwa ni shaba, 0.48. Kwa hiyo mtu mwenye mizani nzuri na kikombe cha maji angeweza kujua alichopewa bila kuikwaruza.

Huko Geita machimbo makubwa yalifanya kazi tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966 yakafungwa. Kisha mgodi mpya ulifunguliwa mwaka 2000. Wachimbaji wadogo nao ni wengi, na kazi yao nzima ni kazi ya uzito wa kadiri, ijapokuwa hawaiiti hivyo. Mchanga uliosagwa hupitishwa kwenye mwalo pamoja na maji. Jiwe jeupe, lenye uzito wa mara 2.6 tu, huchukuliwa na maji, na dhahabu, yenye 19.3, hubaki katika magunia yaliyotandikwa. Kule Mwadui, ambako Dakta Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hali ni ile ile, ila almasi ni mara 3.5 tu, na kwa hiyo kuitenga na changarawe ni kazi ngumu zaidi.

Mchimbaji akiisha kuyeyusha dhahabu yake huipeleka kwa mnunuzi. Tangu mwaka 2019 serikali imefungua masoko ya madini, la kwanza likiwa Geita, na humo vipo vyombo vya mionzi vinavyosoma dhahabu kwa dakika chache. Lakini njia ya maji haijafa. Mnunuzi ana mizani ndogo, kikombe cha maji, na uzi; hupima juu, hupima majini, huangalia jedwali, hutaja karati. Mchimbaji husimama akitazama, na mara nyingi hajui kinachofanyika.

Hapa nina neno langu. Jirani yangu mmoja alipeleka kipande chake kwa mnunuzi ambaye sitamtaja. Kilikuwa na gramu 24. Majini kikapungukiwa na gramu 1.6, basi uzito wake wa kadiri ukawa 15, na mnunuzi akasema kwamba dhahabu halisi humo ni sehemu 66 katika 100. Jirani yangu hakuridhika, akakirudisha nyumbani, akaja kwangu jioni na kusema, "Mwalimu, wewe wafundisha mambo haya. Hebu nipimie." Tukaazima mizani. Nilipokitia majini nikatazama kwa taa, nikaona kipande kimejaa vipovu vidogo kama yai la chura, maana kilikuwa na vishimo vingi. Vipovu ni hewa, na hewa huondoa maji mahali pake kama kitu kingine chochote, lakini haina uzito wa kuhesabiwa. Kwa hiyo mizani hudhani kipande ni kikubwa kuliko kilivyo. Tukakisugua kwa mswaki, tukatia tone la sabuni majini, tukakitikisa. Kikapungukiwa na gramu 1.5 tu. Uzito wa kadiri ukawa 16, na dhahabu, ikiwa iliyochanganyika nayo ni fedha, ikawa sehemu 75 katika 100.

Tofauti ile ya gramu moja ya kumi, yaani matone mawili ya maji, ilikuwa na maana ya zaidi ya gramu 2 za dhahabu safi. Je, mnunuzi alikusudia? Sijui. Huenda hakuviona vipovu, huenda aliviona. Jirani yangu ana rai yake juu ya hilo, nayo si ya kuchapishwa. Nilimwambia tu kwamba siku nyingine aombe ruhusa ya kutazama ndani ya kikombe, na aangalie kwamba kipande hakigusi kando, na kwamba maji ni safi.

Tena ni haki niseme kwamba maji yaweza kumdanganya mnunuzi pia. Kuna madini yaitwayo tangsteni, yenye uzito wa kadiri wa 19.25, karibu sawa kabisa na dhahabu. Mwovu akiipaka dhahabu juu yake, Archimedes mwenyewe angepita bila kugundua kitu.

Nimekaa sana kwenye dhahabu, lakini kanuni hii hugusa watu wengi zaidi ziwani. Wazee waliokwisha kusoma habari ya Elisha na shoka lililoelea huuliza kwa nini meli ya chuma haizami, hali chuma ni kizito mara 7 na zaidi kuliko maji. Mwaka 1900 meli iitwayo William Mackinnon ilishushwa ziwani huko Kisumu, baada ya kuletwa vipande vipande kutoka Uingereza. Kila kipande peke yake kingezama kama shoka. Lakini vilipounganishwa kuwa bakuli kubwa lenye hewa ndani, bakuli lile liliondoa maji mengi, na maji yaliyoondolewa yakawa mazito sawa na meli nzima. Ndipo huelea. Meli hushuka majini mpaka maji iliyoyaondoa yalingane na uzito wake, kisha hutulia. Ukiongeza gunia, hushuka tena kidogo. Meli, basi, ni mizani yenyewe. Wachina husimulia habari ya mtoto Cao Chong, yapata mwaka 200, ambaye alipima tembo kwa kumpandisha chomboni, akatia alama pale maji yalipofika, kisha akamshusha na kujaza mawe mpaka alama ile.

Kwa sababu hiyo Samuel Plimsoll alishindana na Bunge la Uingereza mpaka mwaka 1876 ikawekwa sheria kwamba kila meli ichorwe alama ubavuni ya kuonyesha shehena yake, kwa kuwa wenye meli walikuwa wakizijaza kupita kiasi na mabaharia wakifa. Na maji baridi kama yetu ni mepesi kuliko ya bahari, karibu sehemu 25 katika 1,000; chombo kile kile chenye mzigo ule ule hushuka zaidi ziwani kuliko Bahari ya Hindi.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua watu 430. Watu wa daraja la tatu hawakuandikwa majina, na kwa hiyo hesabu yao haikujulikana. Yakadiriwa kuwa waliokufa walizidi 800. Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea, tumbo juu, kwa kuwa hewa ilinaswa ndani yake, na hewa ile ilikuwa ikiondoa maji na kuishikilia. Watu walio hai walikuwa humo ndani, na walio nje wakawasikia wakigonga. Ndipo ilipokatwa tundu katika tumbo la meli ili watolewe. Hewa ikatoka kwa kasi, maji yakapanda kuchukua mahali pake, na meli ikaenda chini pamoja nao.

Mimi siandiki haya ili niwahukumu waliokata. Walisikia watu wakigonga, na mwenye moyo hawezi kusikia hayo akakaa akipiga hesabu. Lakini hesabu ilikuwako, tangu Syracuse. Wengi wa waliopatikana wamezikwa Igoma, hapa Mwanza, nasi tunaopita barabara ile twayaona makaburi.

Baada ya miaka 22 ikaja habari nyingine. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Walikufa watu 228, na waliookolewa walikuwa 41. Nacho kilielea tumbo juu, na siku mbili baadaye wapiga mbizi wakamtoa humo mtu mmoja, fundi wa mitambo, akiwa hai; alikuwa amejificha mahali ambapo hewa ilibaki. Kiasi kile kidogo cha hewa ndicho kilichompa pumzi, tena kilisaidia kukishikilia kivuko juu ya kichwa chake.

Mwezi Februari 2023 meli mpya ya Mwanza ilishushwa majini katika bandari ya kusini, chombo cha watu 1,200 na mzigo wa tani 400, nami nilikwenda na wanafunzi kuitazama alama iliyochorwa ubavuni mwake. Waliporudi kijijini wakataka kufanya vivyo hivyo. Mzee mmoja mwenye mtumbwi wa kuvushia watu akawapa ruhusa, naye ni mtu mwema. Wakawapandisha wenzao mmoja mmoja, wakapima kina kilichobaki juu ya maji, wakapiga hesabu siku mbili, kisha wakachora mstari mweupe wa rangi, mzuri kabisa. Baada ya mnada wa kwanza nikapita gatini, nikaona mstari haupo, umepakwa lami. Nikamwuliza, "Mzee, vipi tena? Watoto walikosea hesabu?"

Akanijibu, "Hapana, Mwalimu, hawakukosea. Abiria waliuona umezama, wakakataa kupanda."

Wanafunzi wameomba fedha kidogo ya kununua rangi nyingine, nami nimewapa.